Kongamano la Teknolojia Linatuhusu Nini Sisi Tunaouza Mtandaoni? Nenda na Swali, Rudi na Jibu



Kila nikiposti picha nikiwa kwenye kongamano la teknolojia, inboksi inajaa swali lilelile: "Dada, wewe unauza nguo za watoto, huko kwa watu wa kompyuta unafuata nini?" Swali zuri, na leo nalijibu kwa kirefu. Kongamano la mwisho nilihudhuria hapa Dar, siku mbili, kiingilio nimelipa mwenyewe kwa hela ya duka. Kwa hiyo nimepiga hesabu kweli kweli.

Jibu fupi ni hili: jukwaani hakuna kikubwa cha kwetu. Cha kwetu kipo kwenye mabanda. Watu wanaosimamia malipo tunayopokea, vifurushi tunavyotuma na taarifa za wateja tunazotunza wanakaa sehemu moja siku mbili, wamevaa beji shingoni, na kazi yao siku hizo ni kujibu watu. Siku za kawaida unapiga huduma kwa wateja unaishia kusikiliza muziki. Pale unamuuliza mtu uso kwa uso. Ila ukienda bila swali utarudi na kalamu, mfuko na tisheti, basi.

Tuanze taratibu.

MAKONGAMANO YENYEWE NI YAPI?

Kwa hapa nyumbani, Tume ya TEHAMA huandaa kongamano la TEHAMA la kila mwaka. Kuna Sahara Sparks pia, ambalo linalenga zaidi vijana wenye kampuni changa za ubunifu. Ukivuka mpaka, Nairobi kuna Africa Tech Summit. Wale wanaofuata mzigo Dubai wamesikia GITEX, ambayo imeanza tangu 1981. Halafu kuna lile kubwa la mambo ya simu, MWC, linalofanyika Barcelona tangu 2006. Hilo kiingilio chake ni mamia ya euro, tena bado hujanunua tiketi ya ndege wala hujapata viza. Tuwaachie wenye kampuni za simu.

Ushauri wangu: anza na la nyumbani. Sababu si ubahili tu. Swali lako linahusu sheria za hapa, mitandao ya hapa na mabasi ya hapa. Mtu wa Barcelona hawezi kukwambia mzigo wako wa Sumbawanga umekwama wapi.

Na kama kiingilio kimekushinda, usikate tamaa. Mara nyingine wanatoza ukumbi wa mijadala tu na eneo la mabanda linakuwa bure, kwa hiyo uliza kwanza. Pia kuna Sabasaba, pale viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa. Kampuni za simu, mabenki na taasisi za serikali huwa zinaweka mabanda, na kiingilio ni cha mwananchi wa kawaida. Wa mikoani mna Nanenane. Njia ninayoieleza hapa inafanya kazi kotekote.

PIGA HESABU KABLA HUJALIPA

Yangu ilikuwa hivi kwa siku mbili:

Kiingilio 50,000
Nauli ya daladala na boda 12,000
Chakula 10,000
Bando 5,000
Jumla 77,000

Gauni moja la mtoto nauza 35,000, faida yangu safi ni 8,000. Maana yake hizo siku mbili zimekula faida ya magauni karibu kumi. Na hapo sijahesabu oda zilizochelewa kujibiwa. Mdogo wangu alibaki nyumbani anafungasha, lakini wateja wangu wamezoea kujibiwa na mimi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: nikirudi, nitakuwa na kitu cha kunirudishia magauni kumi? Kama una tatizo linalokula hela kila mwezi na jibu lake lipo kwa mtu atakayekuwepo pale, nenda. Kama unataka tu kusikia "mustakabali wa kidijitali", subiri warushe mtandaoni uangalie huku unafungasha mizigo. Wengi wao siku hizi wanarusha mijadala mubashara.

ANDIKA MASWALI MATATU, YASIZIDI

Wiki moja kabla nilikaa na daftari langu la oda nikaangalia hela inavujia wapi. Nikapata maswali mawili yangu, la tatu nikatumwa na shoga yangu anayeuza vipodozi. Swali liwe la kwako, lenye mfano wa kweli, na liwe na mtu wa kulijibu. "Biashara mtandaoni itakuaje?" hilo si swali, hilo ni maombi. Angalieni yangu yalivyokuwa.

Swali la 1: Mteja akipokea mzigo halafu akadai alituma hela kimakosa, nani anaamua?

Hii ilinikuta. Mteja kalipa kwenye namba ya simu, boda kapeleka mzigo, kapokea. Jioni naona hela imezuiwa, mtu kapiga simu kwenye mtandao wake kusema alikosea namba. Nilizungushwa siku nne kwa 70,000 yangu. Sitaji mtandao, maana lengo si kugombana, na nyinyi wengi mmekutana nayo.

Kwenye kongamano nikaenda banda la kampuni moja ya simu nikaomba mtu wa upande wa wafanyabiashara. Maelezo yake kwa ufupi: ukipokea kwenye namba ya kawaida, mfumo unaona mtu kamtumia mtu, na kutuma kimakosa kati ya mtu na mtu kunatokea kila siku. Ukipokea kwa lipa namba, muamala unasomeka kuwa ni malipo ya biashara, jina la biashara linamtokea mteja kabla hajaweka namba ya siri, kwa hiyo hoja ya "nilikosea" inakuwa nzito kwake kuithibitisha. Haimaanishi huwezi kabisa kubishiwa. Ikitokea, wanaangalia ushahidi, na ushahidi wa muuzaji mtandaoni ni mazungumzo ya oda, muda wa malipo, na uthibitisho kwamba mzigo umepokelewa.

Nikamuuliza, "Kaka, uthibitisho wa aina gani?" Akasema chochote chenye tarehe na mtu. Tangu siku hiyo boda wangu akifika anapiga picha kifurushi mlangoni, na mteja anatuma neno moja tu, "Nimepokea." Hainigharimu hata senti.

Kila mtandao una utaratibu wake, kwa hiyo wa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa, kaulize wako, tena uliza hivyohivyo kwa mfano.

Pale pale nikajifunza na kingine. Benki Kuu ina mfumo unaitwa TIPS, unaounganisha mitandao ya simu na mabenki ili hela itoke kwa huyu iende kwa yule papo hapo. Na kuna TANQR, msimbo wa QR wa kiwango kimoja: mteja anaskani kwa mtandao au benki yoyote iliyojiunga, wewe unabandika msimbo mmoja. Kwa mwenye kameza kadogo sokoni au anayeuza kwenye maonesho, hii inapunguza yale mabango matano ya lipa namba.

Swali la 2: Mzigo wa mkoani ukipotea, namdai nani?

Robo tatu ya oda zangu ni za mikoani. Mzigo unakwenda kwa basi, kondakta anapokea 5,000, anaandika namba ya simu kwenye mfuko kwa kalamu ya wino mzito, mmeelewana. Ukifika, sawa. Usipofika, kondakta anasema alimpa mwenzake, mwenzake simu haipatikani.

Swali hili nilipeleka banda la TCRA. Wengi tunawajua TCRA kwa laini za simu na redio, lakini Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inawapa pia usimamizi wa posta na usafirishaji wa vipeto. Yaani anayesafirisha vipeto kibiashara anatakiwa kuwa na leseni yao, na hilo linayahusu pia mabasi yanayobeba vipeto. Mwenye leseni anakupa risiti ya kipeto, na risiti ndiyo inayokupa pa kusimama ukilalamika. Ukishindwana naye, malalamiko yana njia ya kupita, na kuna Baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano, TCRA CCC, kwa ajili ya watu kama sisi.

Yule dada wa bandani akaniuliza, "Ukitoa ile elfu tano, unapewa nini mkononi?" Nikamwambia, sipewi kitu. Akasema basi hapo hujatuma kipeto, umeomba lifti. Nimecheka, lakini maneno yamenikaa.

Sasa nimegawa. Mzigo wa chini ya 40,000 mteja anachagua njia mwenyewe na namwambia wazi tofauti yake. Unaozidi hapo unapita kwa kampuni yenye leseni au EMS ya Posta, na gharama ya kutuma naitaja kabla hajalipa. Wateja wawili walinuna. Wengine wote wamelipa, na namba ya risiti nawatumia kwenye WhatsApp.

Swali la 3: Skrinishoti za wateja tunazoposti zina shida?

Hili ni la shoga yangu. Wote tunajua ule utamaduni: mteja katuma "Asante dada, cream imenikubali", wewe unapiga skrinishoti unaposti ili wengine waamini. Jina lipo, namba ya simu ipo, mara nyingine na picha ya uso.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume kamili ya kuisimamia, PDPC. Nao walikuwa na banda, tena halikuwa na foleni. Niliyotoka nayo: jina, namba ya simu, mahali mtu anapoishi, vyote hivyo ni taarifa binafsi. Mteja kakupa namba ili umletee mzigo, hajakupa ili uitangaze. Ukitaka kuitumia kwa jambo lingine, pata ridhaa yake. Akikwambia acha kunitumia matangazo, anayo haki hiyo kisheria, umtoe kwenye orodha. Na wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwenye Tume, kwa hiyo kama duka lako limekua, waulize wewe unaangukia wapi.

Kwa vitendo ni rahisi. Kabla ya kuposti, mwandikie mteja: "Naomba niposti ujumbe wako, nitaficha jina na namba." Akikubali, ficha kweli. Na usichore mstari mwembamba wa rangi ambao mtu anaona herufi chini yake, weka boksi jeusi. Shoga yangu alidhani mauzo yatashuka. Wateja wake wa vipodozi wamefurahi, maana wengine hawakutaka mtaa ujue wanapaka nini.

WANAOKUJA KUKUUZIA: HAPA KUWA MACHO

Nusu ya mabanda hayapo kukujibu, yapo kukuuzia. Mfumo wa stoo, tovuti ya duka, roboti wa kujibu wateja usiku kwa akili bandia, soko la mtandaoni la kuweka bidhaa zako. Baadhi ni vitu vizuri kweli. Lakini kijana anaongea haraka, skrini inang'aa, na punguzo ni "la leo tu". Kabla hujatoa namba yako ya simu, uliza haya manne:

1. Mnakata asilimia ngapi, na mnakata kwenye nini? Karibu wote wanakata kwenye bei, na wewe unaishi kwa faida. Chukua gauni langu la 35,000. Kamisheni ya asilimia 3 ni 1,050. Inaonekana ndogo, lakini kwenye faida yangu ya 8,000 hiyo ni kama asilimia 13. Ikiwa asilimia 10, wanachukua 3,500, karibu nusu ya faida yangu imeondoka. Asilimia 10 masikioni ni kidogo, mfukoni ni nyingine. Toa simu, piga hesabu mbele yake.

2. Hela ya mteja inakaa kwa nani, na inanifikia baada ya siku ngapi? Kama mtaji wako unazunguka kila siku tatu Kariakoo na wao wanalipa baada ya siku 14, utakwama hata ukiuza sana.

3. Nikitaka kuondoka, naondoka na orodha ya wateja na oda zangu? Waambie wakuonyeshe kitufe cha kupakua. Kama hakipo, hao wateja watakuwa wa kwao.

4. Ada ya mwezi inaanza lini, na kuisitisha nafanyaje? Jibu waliandike kwenye WhatsApp, maneno ya bandani yanapeperuka.

Mimi siku zote mbili sikusaini chochote. Nilichukua karatasi zao, nikaenda kulala nazo. Kitu kizuri leo kitakuwa kizuri na Jumatatu.

SIKU YENYEWE

Asubuhi ya kwanza ni ya hotuba na mgeni rasmi, na mgeni rasmi huwa anachelewa. Watu wote wako ukumbini. Huo ndio muda wa mabanda: wahudumu wamefika, hawajachoka, hakuna msongamano. Kuanzia mapumziko ya chai mpaka chakula cha mchana ni vurugu. Siku ya mwisho baada ya saa tisa wanafungasha, usitegemee kitu.

Anayekupokea bandani mara nyingi ni kijana wa kugawa vipeperushi. Msalimie vizuri, halafu mwambie: "Mdogo wangu, naomba mtu wa kitengo cha wafanyabiashara, kama hayupo sasa atakuwepo saa ngapi?" Akija mhusika, usianze na historia ya maisha. Sema unauza nini, wapi, oda ngapi kwa wiki, na shida yako. Mimi nilikuwa nasema: "Bosi, nauza nguo za watoto mtandaoni, nipo Tabata, oda kama 20 kwa wiki, nyingi za mikoani. Nina swali moja la vipeto." Sekunde 15. Ukitaja oda zako anajua anaongea na mfanyabiashara.

Tukisema teknolojia wengi wetu tunaingiwa na unyonge, kwamba kiingereza changu hakitoshi, sijavaa suti. Ongea Kiswahili. Hao maofisa ni Watanzania wenzio na nusu yao wananunua nguo za wanao Instagram. Vaa nadhifu, na kama unauza nguo au viatu, vaa kitu cha dukani kwako. Mimi nilibeba pochi niliyoshonewa na mwenzetu mmoja, nikaulizwa mara tatu inapouzwa, oda zimeenda kwake.

Beba daftari dogo, pawabenki, na msimbo wa QR wa WhatsApp yako uliouchapisha kwenye karatasi. Waandalie wateja wako ujumbe wa kujijibu wenyewe kwenye WhatsApp Business: "Leo tunajibu kuanzia saa 12 jioni." Hawatakimbia ukiwaambia.

UKIRUDI NYUMBANI

Hapa ndipo kiingilio kinaporudi au kinapotea. Usiku huohuo, kabla hujalala, andika jibu la kila swali kwa maneno yako, na jina la aliyekujibu. Ndani ya siku mbili mtumie ujumbe mfupi:

"Habari kaka, ni yule dada wa nguo za watoto tuliyeongea bandani kwenu. Ulinieleza kuhusu malipo yanayobishiwa. Naomba unithibitishie kwa maandishi vitu vinavyotakiwa kufungua lipa namba. Asante sana."

Ujumbe huo una faida mbili. Unapata maandishi, na unapata namba ya mtu wa ndani. Siku mambo yakikwama huanzi upya na muziki wa huduma kwa wateja. Mimi nimetuma kwa watu sita, wanne wamejibu.

Halafu fanya kitu kimoja ndani ya wiki. Kimoja tu. Mimi nilianza na lipa namba kwa sababu ndiko nilikokuwa naumia zaidi. Vipeto vikafuata wiki ya pili. Zile 77,000 zilirudi lini? Ile 70,000 moja iliyozuiwa ingekuwa imelipia karibu safari nzima, na mizigo iliyokuwa inapotea njiani ni hesabu nyingine juu yake. Kwangu imelipa. Kwako itategemea swali utakalokwenda nalo.

Kwa hiyo kazi ya leo: fungua daftari lako la oda, angalia hela inavujia wapi, uandike swali moja hapo kwenye komenti. Tukipata mengi yanayofanana, atakayekwenda kongamano linalofuata au Sabasaba atatuulizia wote, na jibu atalileta hapa. Mtumie na mwenzako anayeuza mtandaoni, hasa yule anayetuma mizigo kwa kondakta.

Biashara njema.